Baba wa Bahari

Bergen, 12 Oktoba 2014

Mdogo wangu Gildardo,

Leo ni tarehe kumi na mbili Oktoba, na ninahesabu miaka arobaini na saba tangu nitoke kwetu Hermosillo nikaja kuishi huku. Mvua inanyesha. Sitakuandikia tena habari za mvua ya hapa. Mwaka juzi ulilalamika kwamba ukifungua barua zangu sakafu inalowa.

Nimeitanguliza barua hii ili ifike kabla ya Marit. Mjukuu wangu atashuka kwenu mwisho wa mwezi na atakaa hadi Machi. Ana miaka ishirini na miwili, ni mrefu kuliko mlango wa jikoni kwa mama, na Kihispania chake nimemfundisha mwenyewe, kwa hiyo atazungumza kama watu wa mwaka 1967. Msimcheke. Anakula chochote. Kahawa hanywi. Siku ya kwanza atataka kuanika miguu juani kama samaki. Mkataze, kwa sababu jua analolijua yeye ni lile la huku, ambalo ni taa tu.

Mwonyeshe mji kwa utaratibu. Mpeleke kwanza Villa de Seris akale ile mikate ya sukari guru ikiwa ya moto. Mpandishe Kilima cha Kengele alasiri, kwa upande wa lile gereza la zamani, na akae akitazama magharibi. Mpe chungwa la barabarani aliume bila kumwonya, kama sisi sote tulivyofanyiwa, ili ajue kwamba kwetu mti unaweza kujaa matunda mazuri ya kutazama tu. Mfundishe kuniita tata, kama babu anavyoitwa kwetu. Hapa watoto humwita babu yao kwa jina lake, naye tangu ameanza kusema ananiita Evaristo, kama posta.

Lakini Kino, baharini, usimpeleke.

Wewe unajua sababu, ila naiandika kwa ajili ya mkeo Elodia, ambaye najua anasoma barua zangu kabla yako. Watu wengine wana baba wa ubatizo, baba wa harusi, hata baba wa keki na baba wa viatu vya bibi harusi. Sisi akina Bojórquez tunaye pia baba wa bahari. Mtoto akifungwa kitambaa chekundu machoni kwenye nyumba za mwisho za mji, hakifunguliwi njia nzima, jangwa lote, vumbi lote, mpaka gari lipande kile kituta cha mwisho kabla ya Kino. Pale mkubwa mmoja anakifungua. Aliyefungua ndiye baba wa bahari wa yule mtoto mpaka kufa, na hawi mwingine. Mimi alinifungua baba. Wewe nilikufungua mimi. Ulikuwa na miaka sita, ulikuwa umenitapikia viatu, ukatazama yale maji yote ukauliza, "Nani amemwaga?"

Marit nitamfungua mimi. Usiniambie kwamba amezaliwa kando ya bahari. Haya ya hapa ni maji yaliyobanwa katikati ya milima. Bahari ni ile inayokuja baada ya jangwa.

Machi nitakuja. Najua nilisema hivyo mwaka 1979, na nilisema tena mwaka mama alipofariki. Safari hii nimeenda mpaka dirisha la tiketi kuuliza nauli. Kitambaa kimo kwenye sanduku la mama. Kiache humo.

Kaka yako,
Evaristo


Hermosillo, 9 Novemba 2014

Kaka Varo,

Usishangae mwandiko, ni wa Elodia. Mlango wa gari umenibana vidole, basi mimi nasema, yeye anaandika, na akiona nimesema kidogo anaongeza.

Mzigo wako umefika salama. Elodia alikuwa amesimama uwanja wa ndege na karatasi yenye jina, lakini msichana aliwapita watu wote akaja moja kwa moja mbele yangu. "Wewe ndiye uliyeiba baiskeli ya Evaristo," akasema. Nikamwambia, "Binti yangu, baiskeli ilikuwa yangu. Yeye ndiye aliyeiuza akanunua kitabu cha ramani." Akafikiri kidogo, akasema, "Hicho kitabu tunacho nyumbani." Kwa hiyo kesi hiyo imekwisha, kaka, na umeshindwa na shahidi wako mwenyewe.

Jumapili tukachoma nyama. Librado, yule kinyozi, alikuwa ameshika koleo. Akamtazama Marit juu mpaka chini. "Gil, huyu umemtoa wapi? Ametumwa na manispaa abadilishe taa za barabarani?"

"Nimetumwa nikague nyama yako, mzee," akamjibu. "Imeungua."

Kwa Kihispania chako hicho cha mahubiri, Varo. Watu walicheka hadi mbwa wakaamka. Tangu siku hiyo Librado hachomi mpaka Marit asimame kando yake.

Chungwa nilimpa kama ulivyoagiza. Tukakaa wote tunamvizia uso. Akauma, akatafuna, akameza, akauliza kama kuna chumvi. Librado akanong'ona, "Huko kwao wanakula nini, sabuni?" Sasa kila asubuhi anachuma mawili kwenye mti wa mbele na kuyala na chumvi na pilipili mwitu, na majirani wanapita polepole ili wamwone.

Kilima alipanda na Elodia. Mimi nilibaki chini, goti. Amelipenda gari letu na sasa ndiye dereva. Ananizungusha mjini kama askofu. Asubuhi ananisomea gazeti lote, hadi vifo na matangazo ya matairi, ati anafanya mazoezi ya lugha.

Hilo la kumfundisha kukuita tata limeniponyoka kidogo. Sikumfundisha. Aliwasikia wajukuu wa Librado wananiita mimi tata, naye akalidaka. Nitajaribu kumwambia kwamba tata mwenyewe yuko kwenu na mimi ni wa kushikia tu. Elodia anasema niache, jina haliishi kwa kutumiwa.

Siku ya Wafu tulikwenda kulisafisha kaburi la mama. Marit alipaka chokaa, akauliza mama alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa mtu wa kungoja. Ile miaka miwili ya mwisho aliniita Varo. "Varo, leta maji." "Varo, umekula?" Mwanzoni nilimsahihisha. Baadaye nikawa naitika. Wewe hujawahi kuniuliza ilikuwaje kuitika.

Kino hatujaenda. Bahari yako iko palepale, hakuna mtu aliyeigusa. Ila hii Machi, kaka, usiipitishe. Kuna sababu, na sipendi kuiandika kwa mkono wa mwingine.

Ndugu yako,
Gildardo

Ni mimi Elodia. Vidole vyake vinaendelea vizuri. Njoo.


Hermosillo, 30 Novemba 2014

Evaristo mpendwa,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu unasema hutaki kuutazama mji wako kwenye kioo cha simu. Mimi ni mzima na mwekundu.

Mji wako ni mkubwa sana. Mtaa ulionichorea haupo kama ulivyouchora. Pale ulipoweka duka la vitabu kuna karakana ya redieta, na pale ulipoandika "hapa upepo hupita" wamejenga ghorofa na upepo haupiti. Usihuzunike. Tata ananiambia, "Huyu Varo amekupa ramani ya watu waliokufa, twende nikuonyeshe walio hai." Kwa hiyo nimejua walio hai. Najua nani anauza tortilla, zile chapati za kwenu, nyembamba kuliko wote, na mwanamke gani hamwagi maji mbele ya nyumba yake jioni mpaka jirani yake amwage kwanza. Najua kuponda pilipili mwitu bila kujigusa jicho. Hilo nililijua siku ya pili baada ya kujigusa.

Tata ananichekesha mpaka naumwa na mbavu. Sikujua kwamba watu wa kwenu wanachekesha. Wewe nyumbani huwa huchekeshi.

Kuna jambo lazima nikuambie kwa sababu sitaki ulisikie kwa mwingine. Jumapili iliyopita tulikwenda upande wa Kino, tata, Elodia na mimi. Kitambaa kilitolewa sandukuni. Usinikasirikie. Siwezi kuandika zaidi kwa sababu nimeahidi. Utakapokuja Machi utaelezwa yote, na nadhani utafurahi, au utalia, au vyote.

Wako,
Marit


Bergen, 19 Desemba 2014

Gildardo,

Nimeisoma barua ya Marit mara nyingi kuliko inavyostahili, na kila mara neno kitambaa limo.

Nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba nyumba, ni yako. Sikukuomba shamba la zabibu la baba, uliliuza bila kuniuliza nami nikatia saini. Sikukuomba Jumapili zote hizo. Umekaa miaka arobaini na saba kwenye kiti chenye kivuli, umemzika mama kwa mikono yako, umemsikia Librado akizeeka na utani uleule, na mimi huku nimejifunza kuzungumza na watu ambao wakifurahi sana hutikisa kichwa. Nilikuwa nimekuachia mji mzima. Nilibakiza kituta kimoja tu.

Unaniambia mama alikuita Varo, kana kwamba ni mimi niliyekunyang'anya kitu. Ungejua ningetoa nini nipate kuitwa kwa jina la mtu yeyote, na sauti ile, nikaagizwa maji.

Na sasa tata. Miaka ishirini na miwili nimemngoja huyu mtoto aniite hivyo. Nilimfundisha majina ya mito ya kwetu Sonora kabla hajajua kufunga viatu. Wewe umempa chungwa na utani, naye amekuita bila kufundishwa. Anasema sichekeshi. Nilichekesha, Gildardo. Nilikuwa nachekesha kuliko wewe. Muulize Librado, kama bado anasema kweli. Utani haukukubali kusafiri na mimi.

Mtu aliyefunguliwa na mmoja hawezi kufunguliwa na mwingine. Wewe ulijua hilo ulipokwenda kwenye sanduku la mama. Uliniibia mbele ya macho ya mtoto, ukamwapisha anyamaze, na ukamwambia nitafurahi. Mwizi mwenye adabu angalau hamwachi aliyeibiwa akisubiri zawadi.

Alisema nini alipoiona? Hilo tu nataka kujua. Aliuliza nani amemwaga, au alitikisa kichwa?

Tiketi ya tarehe kumi Machi ninayo. Sijui tena ni ya kwenda kufanya nini.

Evaristo


Hermosillo, 11 Januari 2015

Shemeji Evaristo,

Barua yako imefika siku ile ya kukata mkate wa sikukuu ya Wafalme, nyumba imejaa watu, na mimi mikono ina unga. Nikaifuta nikaifungua, kama unavyojua ninavyofungua. Halafu nikaenda nayo bafuni nikajifungia, nikakaa pembeni ya beseni, nikakutukana. Hayo sitayaandika.

Gil hajui ninachokuandikia. Hajui pia ulichoandika wewe. Nilimsomea nikiruka. Nilipofika kwenye "mwizi" nikasoma "mdogo wangu." Nilipofika kwenye shamba la zabibu nikasoma kwamba unaulizia afya ya Librado. Mwisho akasema, "Varo amekuwa mpole. Uzee umemfaa." Nikamwambia ndiyo.

Sasa sikiliza. Hakuna mlango uliombana vidole. Gil haoni, shemeji. Ile sukari yake ambayo alikuwa anakuandikia kwamba ni ya kawaida, ya kila mtu wa hapa, imepanda machoni. La kushoto limekwisha tangu Agosti. La kulia anasema ni kama kuangalia kupitia maziwa, na asubuhi maziwa huwa mepesi kidogo. Daktari amesema joto litakapoanza jicho hilo nalo halitaona kitu. Marit alijua siku ya pili, alipomwona anamimina kahawa kando ya kikombe. Gil akamwapisha. "Ukimwambia Varo atakuja kwa kunihurumia," akasema. "Nataka aje kwa wivu wake, kama kawaida. Akija kwa wivu atakaa."

Ndiyo maana gazeti anasomewa. Ndiyo maana kilima hakupanda. Wewe mtu wa vitabu, umeona mwandiko umebadilika, umeona mtu anaendeshwa kama askofu kwenye gari lake mwenyewe, hujauliza. Umeona tata tu.

Habari ya Kino ni hii. Jumapili ile aliamka akasema, "Elodia, toa kitambaa cha mama." Nikamwambia kitambaa ni cha kaka yako, kimewekewa sharti. Akasema, "Si cha msichana. Nifunge mimi. Nataka nijue kama nitaipata bahari nikiwa gizani kabla giza halijanikuta." Nikamfunga kwenye nyumba za mwisho, pale penye duka la matairi. Marit anaendesha, mimi nyuma na machungwa.

Njia nzima alikuwa anataja. "Hapa mashamba ya zabibu. Sasa tumepita kanisa. Hapa kuna daraja bila mto." Na hakukosea, shemeji, isipokuwa mara moja, akataja ranchi ambayo ilibomolewa, na Marit akanikonyeza nisiseme. Kisha akasema, "Simama." Tulikuwa hatujaona kitu, ni jangwa tu na yale madungusi marefu. Akasema, "Kituta kiko mbele. Marit haendi zaidi ya hapa. Geuza gari liangalie mji."

Marit akageuza. Akazima injini. Akapandisha vioo kwa sababu alisema harufu ya bahari nayo ni kuiba. Akakaa humo jua lote lile, mgongo kwa bahari, anakula machungwa. Mimi nikamshika Gil mkono tukapanda kwa miguu. Anaijua ile njia kwa nyayo, mimi ndiye nilikuwa najikwaa. Juu akasimama palepale, akasema, "Fungua." Nikamfungua. Akatazama kwa lile jicho lake la maziwa, sijui aliona nini. Akacheka. "Nani amemwaga?" akasema.

Tulipoteremka Marit alikuwa bado anaangalia jangwa. Hakugeuka hata tulipogonga kioo. Wiki kadhaa sasa vijana wa Librado wanamwita twende tukaogelee, anasema ana ahadi. Msichana mzima amevuka dunia yuko saa moja na ushei kutoka baharini na hajaiona, kwa ajili ya mzee mmoja aliye kwenye mvua anayetuita wezi.

Bahari yako haijaguswa. Njoo uichukue. Ila ujue anachokungojea Gil si bahari. Anataka kukuona uso wakati bado asubuhi kuna mwanga. Anasema hakumbuki kama kidevu chako kina shimo au ni shimo la baba.

Mimi nakuchukia kidogo, shemeji, lakini kitanda chako nimekitandika.

Elodia


Bergen, 8 Februari 2015

Elodia,

Barua hii ni ya Gildardo. Msomee yote, usiruke. Barua ya Desemba nayo msomee kama ilivyoandikwa, pamoja na neno mwizi, kwa sababu mtu asisifiwe upole alioazimwa na shemeji yake.

Mdogo wangu,

Mkeo ameniambia. Usimgombeze, amefanya alichopaswa kufanya mtu mzima mmoja katika familia hii.

Ningependa kukuandikia kwamba niliposoma habari za macho yako nilisahau mengine yote. Haikuwa hivyo. Nilihuzunika, na huzuni hiyo ninayo, itakaa. Lakini kilichotangulia, kabla ya huzuni, kilikuwa kile kile. Niliona wivu. Nilimwona mtu amefungwa macho, anapita jangwa lote akilitaja, anasema "simama" mahali panapotakiwa, anapanda kituta kwa nyayo. Nikasema moyoni, hata gizani bado anacho.

Nikataka kujipima. Niliketi hapa sebuleni nikajifunga skafu machoni nikaanza safari kichwani, kutoka kwenye nyumba za mwisho. Mashamba ya zabibu niliyapata. Kanisa nililipata. Baada ya kanisa barabara ikaanza kuteremka, na pale haiteremki, ni tambarare mpaka kituta, wewe unajua. Nikaendelea kuifuata. Ikapinda kushoto, ikawa na mawe ya kukanyaga, yaliyolowa, na mkononi nikashika ubaridi wa reli ya ngazi. Nilikuwa nimetokea soko la samaki la hapa Bergen. Nilirudi nikaanza upya. Mara ya pili nilifika mapema zaidi.

Miguu yangu imehama, Gildardo, na haikuniaga. Mimi nilikuwa nakaa nikiulinda mji kwa kichwa, nakukataza hiki, nakuruhusu kile, nachora mitaa ambapo upepo hupita. Na wakati huo nyayo zilikuwa zinajifunza ngazi za watu. Nikija Machi, nitakuwa mgeni wa Marit. Yeye ndiye atakayenionyesha nani anauza tortilla nyembamba. Librado atanitania na nitacheka nikiwa nimechelewa kidogo, kama anayetafsiri. Nitamsikia Marit akikuita tata mezani. Na utanipeleka Kino wewe, ukiwa huoni, na utasema "simama" nami nitakuwa nimekaa kando yako, macho yote mawili, sijui tuko wapi. Hilo siliwezi. Mwingine angeliweza. Ningekuwa mtu mwingine ningekuja na kuketi kwenye kiti kisicho na kivuli na kushukuru.

Ulisema nije kwa wivu, nikija kwa wivu nitakaa. Unanijua vizuri kwa kila kitu isipokuwa hicho. Wivu huu unanitosha kukaa mahali nilipo.

Sasa kitambaa. Mfunge Marit. Usingoje Machi, usingoje Jumapili. Siku barua hii ikifika na ikawa asubuhi, na maziwa ni mepesi, mfunge pale kwenye duka la matairi, na Librado aendeshe, mwambie aende polepole. Juu ya kituta umfungue wewe. Kuanzia hapo ni wako, mpaka mmoja wenu afe, na hawi wa mwingine. Naandika haya na mkono wangu haupendi.

Ukimfungua usitazame bahari, umeshaiona. Mtazame yeye. Mama yake ni mrefu na ana nywele za kwao, lakini uso ule haukutoka huku. Paji la uso ni la mama yetu. Kidevu kina shimo. Shimo ni la baba, nami ninalo, naye analo. Ndiyo sura uliyotaka kuiona, na yake ni nzuri kuliko hii iliyobaki kwangu. Ukiweka sura moja ya kukaa nayo gizani, weka ile.

Nilikuuliza alisema nini alipoiona. Nafuta swali hilo. Atakachosema pale juu kisikie wewe, usiniandikie. Nikikijua nitakitaka.

Mama alipokuwa anakuita Varo, ilikuwaje kuitika? Hilo niandikie, kwa mkono wa Elodia au wa Marit, polepole, barua nzima. Umesema kweli kwamba sikuwahi kukuuliza.

Tiketi nimeirudisha juzi. Mwanamke wa dirishani aliuliza kama nataka kubadilisha tarehe. Nikamwambia hapana.

Sitarudi.

Kaka yako,
Evaristo